Mashapo ya Pipa: Somo la Kuvuna Hamira ya Bia na Maana Yake kwa Afya

Utangulizi

Mgonjwa anayeshauriwa kupunguza pombe huwa na majibu mengi, na mojawapo ni hili: "Mimi sinywi ya kiwandani. Nakunywa ya nyumbani, tena pamoja na mazito yake, ambamo vitamini zote zimo." Hoja hii isidharauliwe. Nusu yake ni kweli, na nusu ya ukweli ni ngumu kuisahihisha kuliko uongo mtupu. Mazito hayo, yaani mashapo, yamejaa hamira, na hamira kweli ina vitamini za kundi B kwa wingi. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu ni kama vitamini hizo humfikia mtu anayeyanywa mashapo yakiwa mabichi.

Ili kulijibu, inatupasa kwanza kuyajua mashapo yenyewe: yanatoka wapi, yana tabaka ngapi, na ndani yake mna nini. Kundi moja lililoyachunguza kwa makini ni la wapika bia wa nyumbani wa Marekani na Uingereza, wanaotumia vyombo vidogo vilivyoigwa kutoka viwandani. Nchini Marekani upishi wa bia nyumbani uliruhusiwa na sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 1978, mradi bia hiyo isiuzwe. Baadhi ya wapishi hao hutumia pipa lenye kitako cha koni, na kutoka humo huvuna hamira ya upishi mmoja ili waitumie katika upishi ujao. Tutaifuata kazi yao hatua kwa hatua, kisha tutayafuata mashapo hadi ndani ya mwili wa binadamu. Lengo letu ni kuelewa, wala si kumhimiza yeyote kunywa.

Hamira ni kiumbe gani?

Hamira ni kuvu wa seli moja. Aina inayoumua mkate na kuchachusha bia nyingi huitwa Saccharomyces cerevisiae. Seli yake ina kipenyo cha mikroni 5 hadi 10 hivi, kwa hiyo inakaribiana kwa ukubwa na chembe nyekundu ya damu. Hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ukaa. Huzaana kwa kuchipuza: seli mama hutoa kitumba, kitumba hukua, kisha hujitenga na kubakiza kovu juu ya ukuta wa mama yake.

Kwa karne nyingi wapika pombe walirithishana mashapo pasipo kujua wanarithishana nini. Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha kitabu kuhusu bia, akionyesha kwamba bia huharibika kwa sababu ya vijidudu vigeni vinavyoingia ndani yake. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi iliyotokana na seli moja tu. Tangu hapo hamira ikawa mbegu inayoweza kuchaguliwa, kutunzwa na kupandwa upya.

Kwetu Afrika Mashariki wazo hilo si geni. Wakikuyu wa Kenya, katika kutengeneza muratina, hutumia tunda la mwegea lililokaushwa. Tunda hilo likishachachusha pombe hutolewa, hukaushwa juani na kuwekwa kwa ajili ya mara nyingine, likiwa limebeba hamira katika nyuzi zake. Mtu atunzaye tunda hilo na mtu avunaye hamira kutoka katika pipa la koni wanafanya kazi moja: wote wawili wanatunza mbegu hai.

Pipa la koni na tabaka za mashapo

Pipa la koni lina kuta zilizosimama wima juu, na chini limechongoka kama faneli. Kuta za faneli hiyo huwa na mteremko mkali ili seli zinazotuama ziteleze hadi nchani, ambako pana vali ya kufungulia. Kwa hiyo hamira huweza kutolewa kwa chini bila kufungua kifuniko na bila kuihamisha bia.

Upishi huanza kwa maji matamu ya kimea yaliyochemshwa pamoja na maua ya hopsi, ambayo huipa bia uchungu. Yakishapoa hutiwa hamira. Kwa bia za joto la kawaida, yaani nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, uchachu mkuu huchukua siku kadhaa, mara nyingi chini ya wiki moja. Sukari ikipungua, seli za hamira hushikana vifungu vifungu na kuanza kuzama.

Mashapo hayatuami ovyo. Tabaka la chini kabisa ni jeusijeusi: lina mabaki ya protini, vipande vya hopsi, seli zilizokufa na zile zilizozama mapema mno. Tabaka la kati lina rangi ya maziwa mazito na ulaini wa krimu. Hilo ndilo lenye seli nyingi zilizo hai na zenye afya. Tabaka la juu ni jepesi, lina seli zinazochelewa kuzama, nalo limechanganyika na bia. Anayevuna hulilenga lile la kati.

Namna hamira inavyovunwa

Kwanza, siku ya kwanza au ya pili mpishi hufungua vali kwa muda mfupi ili kutoa uchafu uliotangulia kutuama. Pili, uchachu ukiisha, bia hupozwa hadi karibu nyuzi 2 hadi 4 kwa siku moja au mbili, na ubaridi huo huifanya hamira izame vizuri. Tatu, vali na mdomo wake husafishwa na kunyunyiziwa dawa ya kuua vijidudu, na chupa ya kupokelea huandaliwa vivyo hivyo. Nne, vali hufunguliwa polepole. Ikifunguliwa kwa pupa, bia hutoboa njia katikati ya mashapo na kutoka yenyewe, huku hamira ikibaki imeganda kwenye kuta za koni. Yanayotoka mwanzo, yenye weusi, humwagwa. Yale ya rangi ya krimu hukingwa. Yakianza kuwa mepesi, vali hufungwa.

Chupa haijazwi pomoni, wala kifuniko hakikazwi, kwa kuwa seli hai huendelea kutoa hewa ukaa. Huwekwa kwenye jokofu na hutumika mapema, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu kila siku inayopita seli kadhaa hufa. Kwa bia ya kawaida ya lita 20, mililita 100 hadi 200 za hamira nzito na mpya hutosha. Mwenye hadubini huhakiki kwa rangi ya methilini bluu: seli hai hubaki bila rangi, zilizokufa hugeuka buluu. Hamira iliyotoka katika bia kali sana haivunwi, kwani alkoholi nyingi imekwisha kuidhoofisha. Hata iliyo nzuri huachwa baada ya vizazi kadhaa, kabla haijabadilika tabia au kukusanya vijidudu vigeni.

Safi si sawa na isiyo na vijidudu

Hapa mhudumu wa afya atajikuta nyumbani. Kosa kubwa la anayeanza kuvuna hamira ni kudhani kwamba chombo kinachong'aa hakina vijidudu. Dawa haipenyi uchafu uliokauka. Ni lazima chombo kioshwe kwanza, kisha ndipo kitiwe dawa, na dawa ipewe muda wake wa kufanya kazi. Utaratibu huo ndio uleule tunaoufuata kwa vyombo vya upasuaji. Kila unapovuna na kupanda tena, unapanda pia bakteria waliojificha. Katika upishi wa kwanza ni wachache mno kuonekana. Kufikia wa tano wameichukua bia.

Wapishi wengine huiosha hamira kwa tindikali ili kuwaua bakteria. Njia hiyo huwapunguza bakteria, lakini haiui hamira za mwituni, kama vile dawa ya bakteria isivyoponya ugonjwa wa kuvu. Miongoni mwa hamira za mwituni kuna aina inayoweza kula hata sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha. Ikiingia katika bia iliyokwisha kutiwa kwenye chupa, uchachu huendelea humo ndani, shinikizo hupanda, na chupa hupasuka. Macho ya binadamu hayana kinga dhidi ya kigae kinachoruka. Kigae kikichoma jicho, kisichomolewe nyumbani. Jicho lifunikwe kwa kikinga kisicholigandamiza, kama kikombe safi, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Hatari nyingine mbili za chumba cha kazi zastahili kutajwa. Upishi mmoja wa lita 20 hutoa zaidi ya lita 300 za hewa ukaa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hujikusanya chini, kwa hiyo chumba kiwe na madirisha yaliyo wazi, na mtu asiingize kichwa ndani ya pipa kubwa. Ya pili ni dawa za kuoshea. Magadi makali yanayoitwa kostiki huyeyusha uchafu wa pipa, na huunguza vivyo hivyo koo la mtoto aliyeyanywa akidhani ni maji. Yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Aliyeyameza asitapishwe, asukutue kinywa na awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Yakiingia jichoni, jicho lisafishwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, ndipo safari ya hospitali ianze. Aidha, dawa ya klorini isichanganywe na tindikali, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mashapo mwilini: hai au mfu?

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu na hoja yake ya vitamini. Historia ya tiba ina ushahidi unaoonekana kumuunga mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay, nchini India, kuchunguza upungufu mkali wa damu uliowapata wanawake wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Chembe zao nyekundu zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake: wagonjwa walipona walipopewa dondoo la hamira liitwalo Marmite, kitoweo cha Kiingereza kilichokuwa kikitengenezwa kwa hamira iliyobaki katika viwanda vya bia. Kiini kilichowaponya ndicho tunachokijua leo kama foleti, na vidonge vya asidi ya foliki tunavyowapa wajawazito ni matunda ya safari ile ya utafiti.

Je, si mashapo yaleyale? Ndiyo, ila kwa tofauti moja kubwa. Katika kutengeneza dondoo, seli za hamira huuawa, kuta zake huvunjika, na vilivyomo ndani hutolewa nje. Seli hai ni ghala lililofungwa. Ukuta wake ni mgumu, na sehemu kubwa ya seli hizo hupita tumboni na utumboni zikiwa nzima, pamoja na mali yake yote.

Tena seli hai haikai bure. Nayo inahitaji thiamini, yaani vitamini B1, na ina uwezo mkubwa wa kuifyonza kutoka katika mazingira yake. Majaribio yaliyofanywa kwa watu nchini Marekani katika miaka ya 1940 yalionyesha kwamba waliokula hamira mbichi walipungukiwa na thiamini iliyoufikia mwili, ilhali hamira iliyochemshwa iliwapa thiamini yake. Mnywaji wa mashapo mabichi, basi, anaweza kuwa amekaribisha utumboni mgeni anayekula kutoka sahani yake mwenyewe. Juu ya hayo, alkoholi hupunguza ufyonzaji wa thiamini, na mnywaji wa kila siku mara nyingi hula kidogo. Sababu hizi tatu hukutana katika mtu mmoja.

Hapo ndipo kanuni ya somo hili inapojitokeza: mpika bia anaitaka hamira ikiwa hai, mwili unaitaka ikiwa imekufa. Yote yaliyoelezwa hapo juu, ubaridi, upole wa vali, chupa isiyokazwa, ni juhudi za kuzihifadhi hai. Kadiri mvunaji anavyofaulu, ndivyo mavuno yake yasivyofaa kuwa dawa. Wala suluhisho si kuchemsha mashapo nyumbani: joto la muda mrefu huharibu sehemu ya foleti na thiamini, na hakuna awezaye kukadiria kipimo kilichobaki. Maharage, njugu, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa hutoa vitamini hizo bila matatizo haya.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi

Kwa mtu mwenye afya njema, mashapo machache husababisha gesi tumboni au kuharisha kwa muda tu. Wapo hata hivyo wagonjwa ambao kwao jambo hili ni zito.

Wenye jongo. Hamira ina purini nyingi, ambazo mwilini hugeuka kuwa asidi ya yuriki. Bia yenyewe huongeza hatari ya jongo. Mashapo yake huiongeza zaidi.

Wanaotumia linezolidi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya miezi sita ya kifua kikuu sugu ambayo linezolidi ni mojawapo ya dawa zake. Dawa hii huzuia kwa kiasi kimeng'enya kinachovunja tiramini. Pombe isiyochujwa, hasa iliyoingiliwa na bakteria, inaweza kuwa na tiramini nyingi, nayo isipovunjwa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mgonjwa akilalamika kuumwa kichwa kikali na mapigo ya moyo kwenda mbio baada ya kunywa, apimwe shinikizo la damu bila kukawia.

Wenye kinga dhaifu na waliolazwa mahututi. Hamira ya dawa iitwayo Saccharomyces boulardii, inayouzwa kwa ajili ya kuharisha, ni jamaa wa karibu wa hamira ya bia. Imewahi kuingia katika damu ya wagonjwa wenye katheta ya mshipa mkuu na kusababisha vifo. Mwaka 2017 Shirika la Dawa la Ulaya lilielekeza kwamba wagonjwa mahututi, wenye kinga dhaifu na wenye katheta hizo wasipewe. Hata kufungua pakiti yake kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo ni kosa, kwani unga wake huruka hewani na kutua mikononi. Ikiwa hamira iliyotengenezwa kwa usafi wa kiwanda cha dawa ina masharti haya, ile ya pipa la nyumbani haina nafasi yoyote wodini.

Wajawazito na wenye ugonjwa wa ini. Mashapo hubeba alkoholi kama bia yenyewe. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama katika ujauzito.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa

Swali la "Je, unakunywa pombe?" halitoshi. Mhudumu aulize kwa heshima na bila kuhukumu: Pombe unayokunywa huchujwa, au hunywewa na mazito yake? Kwa siku unakunywa kiasi gani, na kwa chombo kipi? Siku ya kunywa unakula nini? Unatumia dawa gani kwa sasa? Chombo cha kupikia kinaoshwa kwa nini, na dawa hiyo inawekwa wapi?

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 50 analetwa na mkewe. Kwa siku mbili amekuwa akichanganyikiwa, anayumba anapotembea, na macho yake yanachezacheza. Mke anasema mumewe hunywa pombe kila siku, lakini "hawezi kukosa vitamini, kwa maana hunywa na mashapo." Mhudumu asiyejua atatulizwa na maneno hayo, au atadhani ni ulevi tu. Anayejua atatambua dalili ambazo Carl Wernicke alizieleza mwaka 1881, ambazo leo twazijua kuwa ni za ubongo uliokosa thiamini. Atampa thiamini kwa sindano mara moja bila kungoja vipimo vya maabara. Sukari ya damu ikiwa imeshuka, atampa glukosi papo hapo, na thiamini iende pamoja nayo. Kuchelewa kunaweza kumwachia mgonjwa upotevu wa kumbukumbu usiopona.

Hitimisho

Kuvuna hamira ni ufundi wa kuheshimika. Humfundisha mtu usafi, subira na kutofautisha tabaka moja na jingine. Lakini kinachovunwa ni mbegu ya upishi ujao, si dawa wala chakula. Tunapozungumza na mgonjwa anayeyategemea mashapo, tusimwambie kwamba hayana vitamini, maana atajua hatusemi kweli na hatatusikiliza tena. Tumwambie kwamba vitamini zimo, ila zimefungiwa ndani ya seli hai, na seli hiyo nayo inazidai za kwake. Kisha tumuulize anakula nini nyumbani, na tuanzie hapo.